Halbadiri ya Kompyuta za Shangazi

Jumamosi, 4 Januari

Mwaka umeanza kwa heshima. Shangazi Thuraya kanunua kompyuta mbili mpya za duka na kanikabidhi mie. Sio Munira, binti yake wa kumzaa, mwenye cheti cha kompyuta chenye muhuri. Mie! Khalil Muhdhar, niliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha.

Nieleze kidogo, maana shajara hii siku moja itasomwa na wajukuu. Kwetu Mombasa. Hapa Temeke, Dar, niko ughaibuni, mwaka wa pili sasa, naendesha steshenari ya shangazi, chumba cha mbele cha nyumba yake. Fotokopi, picha za pasipoti, kuchapa barua, kuwawekea watu nyimbo kwenye simu. Mama nimemwambia ni kampuni ya teknolojia. Si uongo. Feni yetu ina rimoti. Watu wa hapa wananiita Mkenya. Kwetu Mombasa, Mkenya ni mtu aliyeshuka kutoka Nairobi. Nimechoka kueleza.

Nimezipiga picha mashine, nimeweka stetasi: Muhdhar Digital, mashine mpya, mtaa mzima hakuna, wengine bakini na makopo yenu. Wengine ni Talha. Ana steshenari mkabala na yetu, na kompyuta zake ukiziwasha zinakohoa. Kaiona stetasi saa ileile. Kimya! Roho imemuuma mpaka nimeisikia kutoka ng'ambo ya barabara.

Mteja mmoja kaniwekea dole gumba. Jina simjui. Nilimsevu Mteja Paka, kwa sababu picha yake ni paka wa rangi ya chungwa aliyevaa miwani ya jua. Akauliza mnafunga saa ngapi, braza. Nikamjibu kwa adabu kwamba ni saa mbili kamili, awahi, maana baada ya hapo mie naendaga zangu kwenye singeli na dukani habaki mtu. Hivyo ndivyo mteja anavyohudumiwa. Talha hawezi.

Jambo jingine. Juzi jirani yetu Bi Mwamvita alimfanyia singo binti yake Zuena. Jana ndoa. Jumapili ya wiki ijayo Zuena anapanda ndege na mumewe kwenda kuishi Muscat. Singo ni ya wanawake watupu: biharusi anasuguliwa liwa, mlango unafungwa, wenyewe wanacheza wanavyojua. Mwanamume akichungulia anapigwa mchi. Munira ndiye aliyerekodi, na video kaiingiza kwenye kompyuta mpya ili aikatekate na kuipamba. Kaifungia kwa neno la siri. Mie nimekatazwa hata kulitazama jina la faili.

Wanasema Bi Mwamvita, mwalimu wa madrasa, anayetembea kama kabeba trei ya mayai kichwani, alicheza mpaka mkeka ukachanika. Na mama yake, Bibi Mwanaasha, ambaye hasimami bila kushikwa na siku hizi hasemi zaidi ya "chai" na "funga mlango", alimwimbia mjukuu wake wimbo mzima wa zamani. Mwanzo mpaka mwisho! Wanawake walilia. Zuena kamwambia Munira kuwa anautaka wimbo ule kuliko dhahabu aliyotunzwa. Upweke ukimzidi huko Arabuni, atamsikiliza bibi.

Munira kanipa memori kadi nimrudishie Bi Mwamvita. Nikawaza. Video si imeshaingia kwenye kompyuta? Kadi imekaa bure. Nikaifuta yote, nikaijaza nyimbo za singeli, nikamwazima Faraji wa bodaboda kwa ajili ya spika yake. Atarudisha kesho.

Akili hizi zingekuwa shuleni, ningekuwa daktari.


Jumapili, 5 Januari

Mungu wangu.

Mungu wangu mie!

Kufuli limekatwa kama muwa. Kompyuta hakuna. Zote mbili! Begi hakuna, na ndani ya begi mlikuwa na pasipoti yangu na kibali changu cha kukaa nchini. Feni ipo. Rimoti hakuna! Mwizi gani anaacha feni anachukua rimoti?

Nilikaa chini sakafuni. Nikasimama. Nikafungua droo, kana kwamba kompyuta zingekuwa mle.

Shangazi alikuja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua miwani, akaivaa, akaivua. Akauliza kitu kimoja tu: nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa nafanya utafiti wa soko. Akauliza utafiti gani wenye vumbi mpaka magotini.

Na ndiyo kwanza Januari! Wazazi wamejaa nje na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, shule zinafunguliwa, kila mtu anataka fotokopi. Talha kafungua madirisha yote mawili. Foleni yake imefika mlangoni kwetu. Watu wanasimama kwenye kivuli chetu wakisubiri huduma yake.

Munira hakulilia kompyuta. Alisema neno moja: video. Kisha akashusha pumzi, akasema afadhali kadi ipo. Akanigeukia. Kadi ipo, Khalil? Nikasema ipo. Na ipo kweli! Dakika ileile ilikuwa inapita barabarani kwenye pikipiki ya Faraji, inapiga singeli mpaka madirisha yanatetemeka.

Bi Mwamvita akaingia. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alikuwa keshasikia. Alishika meza kwa mikono miwili akamwambia shangazi polepole, kama mtu anayesoma hukumu: "Thuraya, mle ndani mie nina kanga moja."

Nimejifanya natafuta rimoti.


Jumatatu, 6 Januari

Nimekwenda kituoni kuripoti. Nimevaa shati la ndoa.

Afande akauliza kompyuta zikoje. Nikasema nyeusi. Akauliza zina alama gani. Nikasema zinang'aa. Akauliza ndani zina nini cha thamani. Hapo nikawaza kanga ya Bi Mwamvita, nikasema afande, mambo ya ofisi.

Akaniangalia. Akasema mbona Kiswahili chako kina chumvi ya Mombasa. Nikasema ndiyo, ndicho Kiswahili chenyewe. Akaomba kibali. Nikamwambia kiko kwenye begi. Begi liko wapi? Liko na kompyuta. Na kompyuta ziko wapi? Nikamwambia afande, ndilo swali nililokuja kukuuliza wewe!

Hakucheka. Mwenzake alicheka, mpaka akatoka nje.

Wamenipa siku chache nilete pasipoti au nimlete shangazi. Yaani mie niliyeibiwa ndiye ninayetakiwa kujieleza! Nimetoka mle jasho linanitiririka kama niliyekimbizwa.

Mama kapiga simu. Kauliza kampuni inaendeleaje. Nikamwambia tumepunguza mashine ili tuwe wepesi. Kaniombea dua.


Jumanne, 7 Januari

Mwizi ni Talha. Nimefikiri usiku kucha na kila nikifikiri narudi kwake. Nani kaona stetasi? Talha. Nani roho imemuuma? Talha. Nani anafaidi foleni? Talha. Mpelelezi asingehitaji zaidi ya hapo.

Mpango: Faraji amwite nje, amwambie kuna mtu anamwaga taka kwenye mtaro wake. Talha na mtaro wake ni ndugu. Mie nipite mlango wa nyuma, nikague.

Mpango ulikwenda vizuri kwa muda mfupi. Talha alitoka kama mshale. Nikaingia. Nikakuta makopo yake yaleyale yanakohoa. Nikainama kukagua chini ya meza, na hapo nikamsikia anarudi. Na mteja! Nikabaki chini ya meza, goti langu likiwa ndani ya ndoo ya karatasi mbovu.

Mteja alikuwa Bi Mwamvita. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. Alimwomba Talha amsaidie kuuliza kwa mafundi wa simu, kama kuna mtu kaletewa video ya singo. Akasema kwa upande wake ipotee tu, ateketee nayo mwizi. Ila Zuena tangu jana hajala, anaambiwa kadi ipo lakini hajaiona. Anaogopa kuondoka mikono mitupu. Anasema bibi ana miaka themanini na zaidi, na akirudi likizo ya kwanza huenda asimkute.

Talha akasema pole sana mama, nitauliza kila mahali. Kwa upole! Mwizi mwenye upole kiasi hicho sijawahi kumwona.

Na hapo vumbi la wino wa mashine likanipanda puani. Nikapiga chafya.

Talha akainama, akanitazama chini ya meza. Akasema, "Mkenya, fotokopi tunafanyia huku juu."

Bi Mwamvita alinitazama tu, nami nikatambaa kutoka nje na ile ndoo mguuni.

Basi mwizi si Talha. Nimesikitika sana.


Jumatano, 8 Januari

Dawa nimeipata. Halbadiri!

Kila mtoto wa pwani anaijua. Ukiibiwa, unamwendea maalim, watu wanakaa, ubani unafukizwa, yanasomwa majina ya mashujaa wa Badri, na mwizi aliko anavimba tumbo, anapooza, au anaanza kubweka. Ndiyo maana kabla ya kusoma unatangaza, ili mwenye akili arudishe mapema.

Nimemfuata Maalim Mwishehe wa msikiti wetu, nikampa shikamoo mbili kwa usalama. Akanisikiliza. Akasema halbadiri si filimbi ya kupulizia wezi. Akasema pia haichagui, inamfuata kila mwenye mali ya mtu. Akaniuliza kwa utulivu kama mie mwenyewe, Khalil, sina kitu cha mtu yeyote nyumbani kwangu.

Nikasema maalim, hebu nikuache upumzike.

Nikawaza njiani. Mwizi anaogopa nini? Kusomwa, au tangazo? Tangazo! Sasa maalim wa nini? Nikamchukua Faraji na spika yake, tukazunguka mtaa mzima kwa pikipiki. Nikatangaza kwa sauti nzito: wote wenye mali ya watu, Ijumaa baada ya Alasiri inasomwa halbadiri nzito kwa Bi Thuraya, iliyoagizwa kwa maalim asiyetajwa jina. Rudisheni barazani kwake, hamtaulizwa.

Kila nikivuta pumzi, spika ilirukia singeli yenyewe. Kwa hiyo tangazo lilikuwa na kiitikio. Watoto walitufuata wakicheza. Lakini watu wazima waliokaa barazani niliwaona. Waliacha kutafuna.

Shangazi kaniuliza maalim nani huyo. Nikamwambia ni wa mbali. Kauliza mbali wapi. Nikamwambia Boko.


Alhamisi, 9 Januari

Sijawahi kuona jambo kama hili tangu nizaliwe!

Nilipofungua mlango asubuhi, barazani kulikuwa na beseni. Nikasema sawa. Nilipomaliza kupiga mswaki kulikuwa na beseni, sufuria mbili na kinu. Mama mmoja alileta mtungi wa gesi, akaupigapiga kama anamuaga mtoto, akaondoka bila kugeuka. Viti vya plastiki vya misiba viliteremshwa kwenye bajaji. Makubadhi na ndala za msikitini zikawa lundo. Kijana mmoja alileta mlango wa choo, mzima, na bawaba zake. Nikamuuliza wa nani. Akasema hamjui mwenyewe, yeye aliukuta umesimama.

Mzee mmoja kaleta kuku na vifaranga vyake sita. Akaeleza kwamba alipomwiba alikuwa peke yake, hivyo vifaranga anaomba abaki navyo kama faida. Nikamwambia mzee wangu, hilo kamuulize maalim. Akaviacha vyote, akatoka mbio.

Mtaa huu! Mie nilidhani naishi na watu!

Kompyuta hakuna.

Mchana nikamwona shangazi, shangazi yangu mwenyewe wa hija na umra, anapita uani na hotpoti imefunikwa kwa mtandio. Nikamuuliza unakwenda wapi shangazi. Akasema funga mdomo, ni ya Mwamvita, imekaa tangu Ramadhani ya mwaka juzi, nilikuwa nasubiri kuirudisha na kitu ndani.

Maalim Mwishehe akaja amekunja uso, anataka kujua nani anachezea mambo ya dini. Nikajibanza nyuma ya mlango wa choo. Akafungua kinywa aanze. Macho yakaangukia lundo la viatu. Akainama, akavuta makubadhi yake ya Ramadhani, yale ya ngozi kutoka Lamu. Akayavaa papo hapo. Akasema tutazungumza siku nyingine.

Halafu Talha akavuka barabara. Tangu nimjue hajawahi kuvuka. Akaweka stepla juu ya meza yangu. Yetu. Ina jina la shangazi kwa rangi ya kucha. Akasema alisahau tu. Nikamcheka mpaka mbavu zikauma. Nikamwambia Talha, wewe mtu mzima, una duka, unaogopa maneno ya spika ya bodaboda?

Akaondoka. Mbavu zikaendelea kuuma.

Zikauma zaidi. Tumbo likajaa. Nikahisi mdomo unavutika upande. Nikakumbuka chaja ya simu ninayotumia, nyeupe, ndefu, nzuri, niliyoikuta siku moja kwenye kaunta ya Talha wakati yeye anaswali. Halbadiri haipo! Mie ndiye niliyeitunga! Najua kuliko mtu yeyote Temeke kwamba haipo! Nilijiambia hivyo huku navuka barabara mbio, na chaja mkononi, na nikairusha kupitia dirishani kwake.

Ilimpiga kichwani. Nimesikia.

Tumbo limepoa saa ileile. Jambo la kutisha kabisa.


Ijumaa, 10 Januari

Zimerudi!

Zimerudi!!

Baada ya swala ya Alfajiri, kiroba cheupe kilikuwa barazani kati ya kuku na mlango wa choo. Ndani: kompyuta mbili, begi, pasipoti, kibali, na mausi moja ambayo si yetu. Nimeibusu pasipoti. Nimembusu Faraji, akakasirika. Shangazi kapiga vigelegele mpaka Bi Mwamvita na Zuena wakaja mbio, na Talha nyuma yao na kinundu kwenye paji la uso. Bibi Mwanaasha naye aliwekewa kiti barazani apate upepo.

Munira akawasha kompyuta. Akawasha ya pili. Akaniita kwa sauti ya chini.

Nyeupe! Tupu! Mwizi kafuta kila kitu. Vitambulisho vya watu, picha, barua, hesabu za shangazi, muvi zangu. Kaweka programu mpya kabisa, safi kuliko tulizokuwa nazo. Kuogopa kwingine huku! Hakutaka kubaki na hata herufi moja ya mtu. Kabakiza picha tu ya kupamba kioo, ya paka wa rangi ya chungwa na miwani ya jua. Nimeiangalia sana. Nimewahi kumwona mahali yule paka. Labda kwenye katuni.

Bi Mwamvita akanyanyua mikono akamshukuru Mungu kwamba video imekufa haijaonwa. Zuena akakaa chini. Palepale, juu ya ndala za watu.

Munira akasema usilie, mdogo wangu, kadi ipo. Akaninyooshea mkono.

Nimeshawahi kufukuzwa na mbwa. Nimeshawahi kuanguka kisimani. Mkono ule ulikuwa mbaya zaidi. Nikamwangalia Faraji. Faraji akachomoa kadi kwenye spika, akampa, akarudi nyuma hatua kadhaa. Munira akaichomeka. Ikajibu singeli kwa nguvu zote.

Hakuna aliyecheza.

Nikawaeleza. Nilijaribu kuanza na kwamba wazo lenyewe lilikuwa zuri. Shangazi akaokota ndala. Munira hakunipiga, alinitazama tu, na ningependelea ndala.

Talha akakohoa, akasema labda anaweza kujaribu, kuna programu ya kuvuta vilivyofutwa kwenye kadi, hata kama kuna nyimbo juu yake. Zuena akainua uso. Bi Mwamvita akauliza: na ukivuta, utajuaje kama umevuta? Talha akasema si nitafungua niangalie. Bi Mwamvita akasema, "Uangalie nini, baba?" Talha akaelewa. Akasema basi shikamoo, akaenda kusimama barabarani.

Zuena akamlalia bibi yake magotini, analia. Bibi Mwanaasha akamwinamia, akauliza analia nini. Nadhani ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia. Munira akamwambia sikioni kwa sauti: wimbo wako, bibi, ule wa singo, umepotea.

Bibi akakunja uso. Akatuzungushia macho mmoja mmoja, kama sie ndio tuliochanganyikiwa kwa uzee.

Akasema, "Umepotea wapi? Si ninao mie?"

Akanitazama mie, mwanamume niliyekuwa karibu.

"Funga mlango."


Jumamosi, 11 Januari

Leo wamerudia singo yote. Kwa biharusi aliyekwisha kuolewa! Bi Mwamvita kasema Mungu atawasamehe. Liwa ikasagwa kwenye kinu kilichorudishwa, wageni wakakalia viti vya misiba, pilau ikaja na hotpoti ya Ramadhani ya mwaka juzi. Bi Mwamvita safari hii kavaa kanga tatu na koti la mvua mkononi kwa tahadhari.

Mie na Talha tumewekwa nje kulinda mlango, migongo kwa ukuta, macho barabarani. Shangazi katupa mchi mmoja wa kugombania.

Ngoma zikapigwa, mkeka ukachanika tena, tumeusikia. Halafu kimya kikaingia kama maji. Kikatoka kisauti chembamba, kikavu, kinatafuta njia. Kikaipata. Sikuelewa maneno yote, ni ya kizamani. Yalikuwa ya mtoto anayeagwa mlangoni, anaambiwa asigeuke, atajikwaa. Mie nilipoondoka Mombasa, mama alisimama mlangoni hivyohivyo. Hakuimba. Alisema nikifika nipige simu, nikapiga siku ya tatu.

Macho yangu yalijaa. Ni ubani, unapenya dirishani. Talha naye ubani ulimwingia, tena yeye alikuwa mbali na dirisha.

Baadaye kaniuliza kama nina chaja.


Jumapili, 12 Januari

Kila kitu sawa. Nimempigia mama asubuhi bila kusubiri anipigie. Kauliza nimefanya kosa gani.

Munira safari hii hakuniachia kitu. Wimbo uko kwenye simu ya Zuena, kausikiliza mara ngapi sijui, kala chakula, anacheka. Video nzima iko kwenye kompyuta, na nakala kwenye kadi mpya, aliyoificha mahali anapopajua yeye na shangazi tu. Nimepaona. Dukani, ndani ya kopo la tangawizi juu ya kabati. Kaniambia Khalil, mdomo wako. Nimemwambia mie ni kaburi.

Leo tunafunga duka. Mtaa mzima tunakwenda uwanja wa ndege kumsindikiza Zuena, mpaka Bibi Mwanaasha, kapangiwa kiti cha mbele. Afande wa kituoni nimempelekea kibali, kanipongeza. Kuku na vifaranga wamepata mwenyewe. Mlango wa choo bado.

Ila mteja lazima aambiwe, ndiyo biashara. Nimezipanga kompyuta vizuri, nimezipiga picha kabati lote likaingia, nimeweka stetasi: Asanteni mliotuombea. Mashine zimerudi, zinawaka kuliko zamani, wengine mlie tu. Video ya biharusi iko salama, moja ndani ya mashine, moja ndani ya tangawizi, mwizi hata akija hawezi kufikiria. Na wale mliorudisha vitu kwa uoga, halbadiri yenyewe haikuwepo, niliitunga mie, ha ha ha. Leo hatupo, sote tuko uwanja wa ndege.

Talha kaiona. Kaandika: Khalil, futa. Wivu haujamwisha!

Aliyeweka dole gumba wa kwanza ni Mteja Paka. Nilikuwa nimemkumbuka. Kauliza tunarudi saa ngapi, braza. Nikamwambia ndege ni saa kumi na moja, mpaka tufike Temeke na foleni zile, si chini ya saa mbili. Kasema hakuna shida. Kauliza na feni bado inafanya kazi? Nikamwambia inafanya, ila inazunguka kasi moja tu, mwizi hakurudisha rimoti.

Kaniandikia: rimoti usijali kabisa.

Watu wanasema Dar ina watu wabaya. Hawajakutana na wateja wangu.